Watoto 86, kazi nne za sanaa na lile ua la ukutani: jibu kwa mwalimu wa Darasa la Tano

"Ninafundisha Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali huko Kibaha, nina wanafunzi 86 katika mikondo miwili. Nimepewa somo la Sanaa na Michezo, ingawa chuoni nilijikita katika Hisabati na Sayansi. Miaka miwili iliyopita tuliwapeleka watoto kwenye jumba la sanaa ya kisasa jijini Dar es Salaam. Mwongozaji alizungumza karibu saa nzima, watoto wakaanza kusukumana, wawili wakagusa kazi wakafokewa, na katika warsha iliyofuata wote wakachora ua moja lililokuwa limebandikwa ukutani. Tuliporudi, mzazi mmoja aliniuliza kama mchango wake ulikwenda kununua ua. Sasa nataka kujaribu tena, lakini Mwalimu Mkuu ananiuliza: watajifunza nini kule ambacho hawawezi kujifunza hapa shuleni? Sina jibu. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nikisimama mbele ya kazi hizo za kisasa sioni kile ninachopaswa kukiona. Je, nijaribu tena, au niachane na jambo hili?"

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila mara nimeishia kwenye lile ua. Umeeleza fujo, umeeleza kufokewa kwa watoto, lakini nadhani kinachokuuma zaidi ni kwamba ulibeba dhamana ya fedha za wazazi na ukarudi bila kitu cha kuwaonyesha. Nalielewa jambo hilo. Tangu elimumsingi bila ada ianze kutekelezwa mwaka 2016, kila mchango unaoombwa shuleni huulizwa maswali, na ni haki uulizwe. Kwa hiyo sitakujibu kwa kukusifia sanaa. Nitakueleza kwa nini ziara ile ilikwenda vile, ni nini hasa watoto hupata ziara inapopangwa vizuri, na ni wakati gani ningekushauri usiende.

Kwa ufupi, ningejaribu tena, lakini kwa ziara iliyopunguzwa karibu kila upande: watoto wachache kwa wakati mmoja, kazi nne za sanaa badala ya ukumbi mzima, mwongozaji anayeuliza kuliko anavyoeleza, na warsha isiyokuwa na mfano wa kunakili.

Tuanze na fujo, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya udhani kwamba watoto wako hawakuwa tayari. Mtoto anapoingia mahali asipopajua, kazi yake ya kwanza ni kupajua mahali penyewe. Anataka kujua choo kiko wapi, kama kuna mahali pa kukaa, yule mlinzi anatazama nini, dari mbona iko juu namna ile, na je, tutakula saa ngapi? Watafiti wa Marekani, John Falk na wenzake, waliandika juu ya hali hii mwaka 1978: upya wa mahali unapozidi, mtoto hutumia akili yake kuchunguza mazingira, na lile somo ulilompangia husubiri zamu yake. Sasa mwongozaji anapoanza kuzungumza papo hapo mlangoni na kuendelea kwa dakika hamsini, anashindana na dari, mlinzi na choo, na hana namna ya kushinda. Watoto wako walikuwa wanafanya kazi, ila si ile mliyokuwa mmewapangia.

Nayasema haya kama mkosaji aliyetubu. Nilipoanza kupokea shule kwenye majumba ya sanaa niliamini kwamba heshima kwa mtoto ni kumweleza kila kitu, na nikawa ninaeleza. Siku moja msichana mdogo alilala chali sakafuni, akafumba macho, na mwalimu wake akakimbia kumwinua akidhani amezidiwa na joto. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amechoka kunisikiliza.

Dawa ya upya wa mahali ni rahisi na haihitaji fedha. Juma moja kabla ya safari, chora ubaoni ramani ya siku: basi litafika saa ngapi, mlango uko wapi, vyoo viko wapi, mtakula wapi, ukumbi una ukubwa wa madarasa mangapi yenu. Mkifika, waache watoto watembee ukumbini kwa dakika tano bila mtu kuwaeleza chochote, mikono nyuma, macho yakizunguka yanavyotaka. Dakika hizo tano zinaonekana kama zimepotea, lakini ndizo zinazokununulia saa nzima ya utulivu.

Sasa nije kwenye kauli yako kwamba huoni kile unachopaswa kukiona. Hapa naomba nikusahihishe kwa upole, kwa sababu dhana hii ndiyo inayowafukuza walimu wengi. Unadhani ndani ya kila kazi ya kisasa kumefichwa jibu moja, kwamba wenye elimu ya sanaa wanalijua, na kwamba wewe wa Hisabati umefungiwa nje. Msanii kweli huwa na nia yake, na nia hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini kazi ya sanaa haifanani na mlinganyo wenye thamani moja ya x. Kinachotakiwa kwako ni kile kile unachodai kwa watoto katika Sayansi: sema ulichokiona, kisha sema ni nini kinachokufanya useme hivyo.

Dhana nyingine, ambayo hukuiandika lakini naisikia kila mwaka, ni kwamba sanaa ya kisasa ni mambo ya Kizungu yasiyotuhusu. Fikiria Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii. Alitumia vipande vya hadibodi, vile vya kubandika darini, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Leo tunaona chui na ndege wake kama urithi wa tangu enzi, lakini wakati ule ilikuwa sanaa mpya kabisa, iliyobuniwa na mtu aliyekuwa hai kwa vifaa vya duka la vifaa vya ujenzi. Au mfikirie Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa ya kisasa huko. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na baadhi ya michoro ya Himid imejengwa kwa mpangilio wa kanga, pamoja na maneno yake. Wanafunzi wako wa Kibaha wanaijua kanga kuliko wageni wengi wanaolipa kiingilio London kuiona michoro hiyo. Nitairudia kanga tutakapofika kwenye warsha.

Kuna mbinu ya kuongoza watoto mbele ya kazi ya sanaa ambayo imetumika kwa miongo kadhaa, na inakufaa wewe hasa kwa sababu haimdai mwalimu kuwa mjuzi wa sanaa. Walioijenga ni Abigail Housen, mwanasaikolojia, na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Msingi wake ni maswali matatu. La kwanza: ni nini kinachoendelea hapa? La pili: umeona nini kinachokufanya useme hivyo? La tatu: tunaweza kuona nini zaidi? Mwongozaji huonyesha kwa kidole mahali mtoto anapopataja, bila kugusa, hurudia jibu la mtoto kwa sentensi kamili ili wote walisikie, kisha huliunganisha na jibu la mwenzake. Hasemi "vizuri sana" wala "hapana, umekosea". Mwalimu wa Kitanzania huona ugumu kwenye hili la mwisho, kwani tumezoea kumpigia makofi anayepatia. Lakini ukimpigia mmoja makofi, wengine arobaini huacha kutazama kazi na kuanza kukutazama wewe usoni, wakitafuta jibu unalolitaka.

Nikuonyeshe jinsi inavyokwenda. Niliwahi kukaa kando nikitazama kikundi cha watoto wa umri wa wanafunzi wako mbele ya kazi moja ndefu, ya rangi ya kijivu, iliyoning'inizwa kutoka juu hadi karibu na sakafu. Mvulana mmoja akasema, "Ni ukuta." Mwongozaji akamwuliza ameona nini kinachomfanya aseme ni ukuta. "Ina mistari kama ya matofali." Msichana aliyekuwa nyuma akakataa: "Si ukuta, ni nguo, kwa sababu imeshonwa. Uzi unaonekana pale chini." Wote wakainama kuutazama uzi. Kimya kikapita. Kisha mtoto wa tatu, ambaye mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba hajawahi kunyoosha mkono darasani, akasema, "Ni mifuko ya saruji. Baba akitoka kazini huja nayo, mama anawashia jiko." Yule mvulana wa kwanza akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni ukuta ambao haujajengwa." Mwongozaji akayarudia maneno hayo kama yalivyo, akauliza tunaweza kuona nini zaidi. Ilikuwa kweli mifuko ya saruji. Mazungumzo yale yalichukua dakika kumi na mbili na hakuna aliyesukumana.

Angalia kilichotokea pale. Mtoto wa fundi ujenzi alikuwa na ujuzi ambao mwongozaji hakuwa nao, na swali la pili ndilo lililomfungulia mlango. Kwa sababu hiyo, nasisitiza maswali yaulizwe kwa lugha ambayo watoto hubishania uwanjani. Mwongozaji akianza kwa Kiingereza kwa kudhani kwamba ndiyo heshima ya jumba la sanaa, mwombe bila kuona haya abadilishe.

Hata hivyo sikubaliani na mbinu hii kwa asilimia mia. Wanaoifuata kwa ukali humzuia mwongozaji kutoa taarifa yoyote, hata jina la kazi. Kwa sanaa ya wakati wetu nadhani hilo ni kosa, kwa kuwa mara nyingi kitu kilichotumika, mahali kilipotoka na mtu aliyekishika ndiyo nusu ya kazi. Utaratibu wangu ni kuwaacha watoto watazame na kubishana kwanza, halafu mwishoni niwape mambo mawili au matatu: nani aliitengeneza, kwa kitu gani, na aliipa jina gani. Taarifa inayokuja baada ya swali hushika; inayokuja kabla ya swali hupita kama tangazo la redio.

Mwalimu Mkuu wako anastahili jibu lenye ushahidi, na ushahidi ninaouamini zaidi unatoka mbali, mji wa Bentonville katika jimbo la Arkansas huko Marekani. Makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges yalifunguliwa hapo mwezi Novemba 2011, na shule zilizoomba kuyatembelea zikawa nyingi kuliko nafasi. Watafiti wakapendekeza nafasi zigawiwe kwa kura, jambo lililowawezesha kulinganisha waliokwenda na waliokuwa bado wanasubiri. Walihusisha karibu wanafunzi 11,000 kutoka shule 123. Ziara ilikuwa ya saa moja, na kwa kawaida kila kikundi kilitazama na kuzungumzia michoro mitano tu. Majuma kadhaa baadaye waliokwenda waliweza kuchambua mchoro ambao hawajawahi kuuona kwa makini zaidi kuliko wenzao, na wakakumbuka mengi: kwa mfano, asilimia 88 ya walioona mchoro mmoja wa watu wakichemsha utomvu wa mti kambini walikumbuka kwamba watu hao walikuwa wapinga utumwa, waliotengeneza sukari yao wenyewe ili wasinunue ile iliyozalishwa na watumwa. Hakuna aliyewapa mtihani wa kukariri hilo. Tena manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa shule zenye umaskini, yaani wale ambao kwa kawaida huachwa nyuma ziara inapopangwa.

Sasa usimpe Mwalimu Mkuu ahadi ambayo utafiti huo hautoi. Makumbusho yale yalilipia kila kitu, basi na chakula pamoja, na Bentonville si Kibaha. Wala hakuna mahali walipodai kwamba saa moja ya kutazama michoro hupandisha alama za Hisabati. Ninachoweza kukuambia umwambie ni hiki: watoto watajizoeza kusema jambo na kutoa sababu inayoonekana kwa macho, mbele ya wenzao wanaoona tofauti. Kwa nini wasifanye hivyo darasani kwa picha ya kitabuni? Wanaweza, na wafanye. Lakini picha ya kitabuni yenye ukubwa wa kiganja isingeuonyesha ule uzi wa kushonea.

Nije kwenye ua. Sijui nani alilibandika, na sina shaka nia yake ilikuwa njema: alitaka kila mtoto aondoke na kitu kizuri. Lakini mfano uliokamilika ukishawekwa mbele ya watoto, warsha hugeuka kuwa mtihani wa kunakili. Wenye mkono mwepesi wanamaliza kwa dakika kumi na kuanza kusumbua. Wasio nao wanatazama ua lao lililopinda, wanajiambia kwamba hawana kipaji, na imani hiyo huibeba hadi utu uzima. Kinachomfungua mtoto ni tatizo lenye mipaka. Ukimwambia "chora chochote unachotaka" atachora nyumba, mnazi na jua, kwa sababu uhuru usio na ukingo humrudisha kwenye kile anachokijua tayari. Mpe vitu vichache, masharti mawili au matatu, na swali ambalo hakuna mwenzake mwenye jibu lake.

Kanga inafaa sana kwa hili, na ndiyo warsha ningeianza nayo kama ningekuwa mahali pako. Kila mtoto anaijua, na ina umbo lake lililo wazi: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yanayoandikwa chini. Kila mtoto apewe kipande cha karatasi ya manila chenye ukubwa wa daftari kubwa, karatasi za rangi mbili tu, mkasi wa ncha butu kwa kila watoto wawili, na gundi ya unga mliyopika asubuhi hiyo. Sharti la kwanza: hakuna penseli mpaka hatua ya mwisho, maumbo yote yakatwe. Kukata humweka mchoraji hodari na asiyejua kuchora kwenye mstari mmoja, kwa kuwa hakuna kati yao aliyezoea kuchora kwa mkasi. Sharti la pili: umbo la kwenye mji litokane na kitu mlichokiona ukumbini, hata kama ni katika zile dakika tano za mwanzo, wala si lazima lifanane nacho. Sharti la tatu ni la jina. Waulize kanga husema nini ambacho mwenye kuivaa hakisemi kwa mdomo. Watacheka, watanong'onezana, maana wote wamesikia kisa cha kanga ya jirani. Kisha kila mmoja aandike jina la kanga yake: jambo ambalo angependa mtu fulani alijue, lakini haoni namna ya kumwambia.

Nimeona kanga ya karatasi ya mvulana wa miaka kumi na mmoja yenye vipande vya duara vilivyopangwa safu kwa safu, vilivyopinda kila kimoja kwa namna yake, na chini ameandika kwa herufi kubwa: MDOGO WANGU NDIYE ALIYEVUNJA. Mama yake aliisoma akicheka, halafu akaisoma tena bila kucheka. Mzazi huyo hakuuliza mchango wake ulinunua nini.

Kuhusu kugusa, watoto wako hawakuwa watundu; hakuna aliyewapa sababu. "Usiguse" peke yake ni amri kama amri nyingine, na mtoto hujaribu amri. Waambie kwamba kiganja kina jasho, chumvi na mafuta, kwamba mguso mmoja hauonekani lakini miguso ya watoto elfu moja huacha doa, huchubua rangi na kutia kutu kwenye chuma. Kisha waombe wenyeji wenu, kabla ya siku ya ziara, kama wanaweza kuwaandalia kapu la vitu vya kushika: kipande cha turubai, kifuniko cha chupa kilichopondwa, ubao uliopakwa rangi ya mafuta. Mkono uliopewa kitu cha kushika huacha kutafuta kingine. Ukumbini ziingie penseli tu; kalamu za wino zibaki ndani ya basi.

Hesabu ndiyo itakayoamua kama haya yatawezekana, na hapa wewe ni mjuzi kuliko mimi. Watoto 86 kwa mkupuo mmoja ni wengi mno kwa jumba lolote ninalolijua. Mkondo mmoja, watoto 43, unabebeka: nusu wanaingia ukumbini wakiwa vikundi viwili vya watoto kumi au kumi na mmoja, nusu wanabaki kwenye warsha, na baada ya saa moja wanabadilishana. Kila kikundi cha ukumbini kitazame kazi nne, dakika kumi hadi kumi na mbili kila moja, na dakika zinazosalia ni za kutembea. Utahitaji watu wazima wasiopungua wanne walio macho muda wote, nje ya dereva, na kila mmoja awe na orodha ya majina ya watoto wake mfukoni. Wahesabuni wakipanda, wakishuka, wakipanda tena. Hakuna mtoto wa kupakatwa ndani ya basi, hata kama mwenye basi atakuambia kwamba ni wadogo na wanaenea.

Kama fedha inatosha mkondo mmoja pekee, nakuomba usiwachague waliofaulu vizuri kama zawadi. Pigeni kura mbele ya watoto wenyewe, kama ilivyofanyika Arkansas, na wale wengine wapangiwe muhula unaofuata kwa tarehe iliyoandikwa. Na kama haitoshi hata mkondo mmoja, isiwe fedheha kwako. Kutoka Kibaha, nauli ya basi la kukodi ndiyo itakayomeza sehemu kubwa ya bajeti, na foleni ya kuingia jijini inaweza kumeza asubuhi yenyewe. Unaweza kumwalika msanii mmoja shuleni aje na kazi zake mbili, akalipwa nauli na posho kwa heshima, akafanya saa moja na kila mkondo. Watoto watakosa ukumbi, ukimya wake na ukubwa wa kazi zilizoning'inizwa, na hilo ni pengo la kweli; lakini watapata kitu ambacho ukumbi mara nyingi hauna, yaani mtu wa kumwuliza kwa nini ulifanya hivi. Unaweza pia kuwapeleka kwa miguu kwa mwandika mabango au mfinyanzi wa jirani na kumwuliza maswali yale yale matatu. Kwangu mimi, ziara nzuri ya kwa mfinyanzi ni bora kuliko ziara mbovu ya kwenye jumba kubwa. Kitu ambacho nisingekifanya ni kuwachangisha wazazi tena kwa ziara ya watoto 86 kwa siku moja.

Mtakaporudi, acha ile insha ya "Ziara yetu", ambayo huanza na kuamka asubuhi na mapema na huishia kwenye soda. Kesho yake wape kazi hii: chagua kazi moja uliyoiona, uieleze kwa mtu asiyeona, bila kusema kama ilikuwa nzuri au mbaya. Mwenzake akae amempa mgongo, achore anachokisikia. Wakilinganisha, watagundua wenyewe ni sentensi gani ilikuwa na upungufu. Hapo utakuwa na kitu cha kumwonyesha Mwalimu Mkuu, tena kwa Kiswahili sanifu kitakachoingia kwenye somo lake la kawaida.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia na itakubidi umwone mtu ana kwa ana. La kwanza ni maonyesho yenyewe. Sanaa ya wakati wetu huzungumzia vita, miili, dini na vifo bila kujifunga. Kazi ambayo kwangu ni ya kawaida inaweza kumtia hofu mtoto aliyetoka kumzika mzazi, au kuleta mgogoro na wazazi wa upande mmoja wa dini. Usitegemee bango wala simu, nenda uone. La pili ni mtoto mwenye ulemavu: zungumza na mzazi wake, kisha na watu wa jumba, uwaeleze mahitaji yake kwa majina ya vitu, kama vile ngazi, mwanga au kelele, ili wasimwandalie kiti cha pembeni kwa nia njema. La tatu ni zito zaidi. Ukimwambia mtoto aandike jambo asiloweza kulisema kwa mdomo, ipo siku mmoja ataandika jambo ambalo hukulitarajia, la kupigwa, la kuguswa vibaya, la njaa. Usilisome kwa sauti, usilitundike ukutani pamoja na mengine, wala usimhoji mbele ya wenzake. Msikilize faraghani, usimwahidi kwamba utaficha, na siku hiyo hiyo umpelekee mwalimu wa unasihi au afisa ustawi wa jamii wa eneo lako. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na mwalimu pia anaruhusiwa kuipiga.

Kuhusu wapi pa kwenda, mahali ninapopafahamu panapofaa kuulizia ni Nafasi Art Space pale Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii wana karakana zao ndani ya makontena ya meli, hivyo mtoto anaweza kumkuta msanii akiwa na rangi mikononi na si kazi iliyokwisha tu. Waulize kwa maandishi, mapema, ukitaja umri wa watoto, idadi yao na lugha mnayoitaka. Omba kibali cha ofisi ya elimu na ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, na katika ridhaa hiyo swali la kupigwa picha liwe mstari wa peke yake, kwa kuwa wapo wanaokubali safari na kukataa picha.

Lakini kabla ya barua yoyote, tafuta Jumamosi moja uende mwenyewe, bila watoto. Chagua kazi moja ambayo huielewi hata kidogo, simama mbele yake dakika kumi zilizohesabiwa kwa saa ya mkononi, ujiulize yale maswali matatu na ujijibu kwa sauti ya chini kama hakuna mtu karibu. Halafu hesabu ngazi, tafuta mahali penye kivuli pa watoto 43 kula, na uliza vyoo vinavyofanya kazi ni vingapi.